Jasho, maji na baridi yabisi: kinachotoka na kinachotakiwa kurudi

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hutoka jasho akiwa amekaa tu kibarazani. Joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imeshiba unyevu kiasi kwamba jasho linadondoka badala ya kukauka. Kwa mwenye afya hiyo ni kero ya kubadilisha nguo mara mbili kwa siku. Kwa mwenye baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, anayemeza methotreksati ya kutuliza kinga hiyo kila wiki na diklofenaki ya kupunguza maumivu yakizidi, mambo ni mengine. Maji yakipungua mwilini, damu inayofika kwenye figo hupungua pia. Methotreksati hutolewa mwilini na figo hizo, na diklofenaki huzibana figo hizo hizo.

Ndiyo maana katika kujitunza na ugonjwa huu jasho na maji havitenganishwi. Joto na jasho vina raha yake na vina faida yake, lakini kazi kubwa iko kwenye kurudisha kilichotoka, kwa kipimo, kabla dawa hazijaanza kurundikana. Mwenye jongo naye ana sababu yake ya kusoma: mwili ukikauka, asidi ya yuriki katika damu hupanda, na kidole gumba cha mguu hakisubiri mwaliko kuanza kuuma.

Jasho halibebi ugonjwa

Imani iliyozoeleka ni kwamba baridi yabisi ni ubaridi au uchafu uliojikusanya kwenye maungo, na ukitoka jasho la kutosha utautoa. Jasho karibu lote ni maji, pamoja na chumvi, potasiamu kidogo na urea kidogo. Chembe za kinga zinazovimbisha utando wa ndani wa kiungo hazipiti huko. Kuchuja taka ni kazi ya figo na ini. Jasho linapoza mwili, basi. Kila lita inayokauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Lita iliyodondoka sakafuni haijapoza chochote, ndiyo maana pwani unaweza kupoteza maji mengi na bado ukawa unahema kwa joto.

Faida ya joto lenyewe ni ya kweli ila ni fupi. Misuli iliyokaza inalegea, vidole vinakunjika kwa urahisi, usingizi unakuja. Uholanzi ulichapishwa utafiti mmoja mwaka 2009: watu 17 wenye baridi yabisi na 17 wenye ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa waliketi kwenye chumba cha joto la infraredi mara 8 ndani ya wiki 4. Maumivu na kukakamaa vilipungua wakiwa ndani ya joto. Wiki 4 zilipokwisha, nafuu ya kudumu haikuonekana wazi, na ugonjwa haukuchochewa. Hicho ndicho kipimo cha haki cha matarajio. Anayeacha dawa za kliniki kwa sababu anatoka jasho vizuri anaacha viungo vilike taratibu huku akijisikia vyema.

Na kuna kosa la upande wa pili: goti limejaa maji, kwa hiyo mtu anapunguza kunywa. Maji ya goti hayatoki kwenye kikombe. Utando uliovimba ndio unaoyatengeneza, na utaendelea kuyatengeneza hata ukikaa na kiu siku nzima. Vivyo hivyo, kunywa sana hakulainishi kiungo kama mafuta kwenye bawaba. Unakunywa kwa ajili ya figo, presha, ngozi na misuli.

Suala la maji ya baridi nalo limalizwe hapa. Mama mkwe atasema yanaleta baridi yabisi, na hakuna haja ya kubishana naye mezani. Hayaleti. Kama maji ya friji au ya mtungi ndiyo yanayokufanya unywe glasi mbili badala ya nusu, kunywa hayo.

Kiasi gani, na utajuaje

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 iliweka lita 2.0 kwa siku kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, kwa hali ya hewa ya wastani na kazi za wastani. Kiasi hicho kinajumuisha maji ya kwenye chakula, ambayo ni kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo vinywaji vyenyewe ni kama lita 1.6 na lita 2. Hapo ndipo pa kuanzia tu. Hali ya hewa ya Kigamboni mwezi Februari si ya wastani.

Kiasi cha kuongeza unakipata kwa mizani. Kojoa kwanza, jipime ukiwa na nguo nyepesi. Fanya jambo lako: matembezi ya saa moja, kufua, au kujifukiza. Jifute jasho, vua nguo zilizolowa, vaa kavu za uzito ule ule, jipime tena. Kila kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Tuseme ulikuwa kilo 62.4 na sasa ni 61.8, na katikati ulikunywa mililita 300. Jasho lako ni mililita 900 kwa saa, na deni lililobaki ni mililita 600. Deni hulipwa kwa ziada, mara 1.25 hadi 1.5, kwa sababu sehemu ya unachokunywa itatoka kama mkojo. Hapo ni mililita 750 hadi 900, kidogo kidogo ndani ya saa mbili tatu zinazofuata. Ukifanya kipimo hiki siku moja ya joto na siku moja ya mvua, unakuwa na namba zako na huhitaji mizani tena kila siku.

Usifike mahali ukapoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako kwa mara moja. Kwa mtu wa kilo 62 hiyo ni kama kilo 1.2, na hapo tayari kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio. Upande wa pili usizidishe lita moja kwa saa. Ushauri wa kugida lita nne asubuhi kusafisha mwili unashusha sodiamu katika damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zinafanana na za upungufu wa maji, kwa hiyo mtu anazidi kunywa. Mwenye moyo kushindwa kazi au figo iliyodhoofu afuate kipimo alichopewa na daktari wake, hata kama joto ni kali.

Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri kwa wengi: njano iliyopauka ni salama, rangi ya chai ya rangi ni deni. Kwa wagonjwa wetu, hata hivyo, kipimo hiki hudanganya mara nyingi. Sulfasalazini, dawa nyingine ya baridi yabisi, hugeuza mkojo kuwa wa njano ya machungwa, na hata jasho linaweza kutia doa fulana nyeupe. Vidonge vya vitamini B huufanya ung'ae njano kali. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huona rangi ya machungwa au nyekundu. Kama unameza mojawapo ya hizo, angalia wingi na idadi badala ya rangi: kukojoa mara nne au zaidi kati ya asubuhi na usiku, mkojo wa kutosha kila mara, ni dalili nzuri.

Kiu nayo si shahidi wa kuaminika. Baadhi ya wenye baridi yabisi hupata pia ukavu wa mdomo na macho, hali inayoitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeieleza mwaka 1933. Macho yanawasha kama yana mchanga, na mkate haumezeki bila chai. Mtu huyu anaweza kuwa na maji ya kutosha mwilini na bado mdomo umekauka. Kuzidisha maji hakumsaidii. Kinachomsaidia ni mafunda madogo ya mara kwa mara, ubani wa kutafuna usio na sukari, matone ya machozi, na kupiga mswaki kwa bidii, maana mate yakipungua meno huoza haraka. Wazee ni kinyume chake: mwili umekauka, kiu haiji.

Na kama unameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, kiu kali isiyokatika pamoja na mkojo mwingi usiisingizie joto. Pima sukari. Dawa hiyo huipandisha.

Nini cha kunywa

Maji ya kawaida yanatosha siku nyingi, kwa sababu chakula cha kawaida kina chumvi. Chai na kahawa zinahesabika kama maji. Dhana kwamba chai inakausha mwili imekuzwa kupita kiasi. Uji unahesabika, supu inahesabika na inarudisha chumvi juu yake. Ukitoka jasho kwa zaidi ya saa moja na nguo nyeusi ikabaki na mistari myeupe ikikauka, umepoteza chumvi ya kutosha, na hapo supu au mlo wenye chumvi ya kawaida unafanya kazi kuliko chupa ya tatu ya maji matupu. Walio kwenye prednisoloni wawe wapole na chumvi, kwa sababu dawa yenyewe inaizuia mwilini na presha inapanda. Uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache na miguu imevimba, hayo si mafanikio ya kunywa maji. Nenda kliniki, na usijinunulie dawa ya kukojosha.

Madafu ni matamu na ni maji safi kabisa, lakini watu huyapa sifa isiyo yake. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho ni kinyume: sodiamu nyingi, potasiamu kidogo. Dafu moja baada ya matembezi ni sawa. Madafu matatu kwa siku kwa mtu mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa za presha au moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, yanaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukavurugika mapigo. Juisi ya miwa ni sukari, na mwenye jongo aiogope pamoja na soda. Pombe inakausha mwili na inagombana na methotreksati kwenye ini.

Kwa kuharisha au kutapika, tumia ORS ya pakiti, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Mchanganyiko wa sasa wa Shirika la Afya Duniani una, kwa lita moja, gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya sodiamu. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja. Isizidi chumvi ya machozi.

Figo na kabati la dawa

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Mwili ukiwa na maji machache, figo hutumia kemikali ziitwazo prostaglandini kuuacha wazi mshipa unaoingiza damu. Diklofenaki, ibuprofeni na naproksini hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Siku yenye maji ya kutosha, figo yenye afya haijali. Siku ya jasho jingi na maji haba, mshipa unabana, na figo inaweza kusimama ndani ya siku chache bila maumivu yoyote ya kukuonya. Ongeza enalaprili, lisinoprili au losartani ya presha, ongeza na dawa ya kukojosha kama furosemidi, na hatari inakuwa ya pande tatu. Mchanganyiko huo si wa ajabu: mtu wa miaka 60 mwenye presha na viungo anaweza kuwa nao wote kwenye mfuko mmoja, kila kimoja kimeandikwa na mtu tofauti, na sindano ya diklofenaki ya duka la dawa juu yake.

Kanuni ya kufuata: siku ya kuharisha, kutapika, homa, au jasho ambalo hukuweza kulirudisha, diklofenaki na ndugu zake zinabaki kwenye pakiti. Parasetamoli ndiyo ya kushika, gramu 1 kwa mara, isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye ini bovu au mwili mdogo sana.

Methotreksati hutolewa na figo. Figo ikilegea, dozi yako ya kawaida inakuwa dozi kubwa bila wewe kuongeza hata kidonge kimoja. Dalili za kwanza ni vidonda mdomoni, kisha homa, michubuko isiyo na sababu, uchovu mzito. Kwa hiyo kama siku yako ya methotreksati imekukuta unaharisha au umekauka, usiimeze. Piga simu kliniki, na kwa kawaida utaelekezwa usubiri hadi upone. Kuchelewa wiki moja hakuharibu viungo. Na irudiwe tena kwa sababu watu wamekufa kwa hili: ni mara moja kwa wiki, si kila siku.

Kuna mtego mwingine unaoanzia kwenye uhaba wa maji. Mtu hanywi, anapata maambukizi ya njia ya mkojo, anaenda duka la dawa, anapewa Septrin. Septrin na methotreksati zote hugombana na foleti, vitamini ya kutengenezea damu, mwilini, na Septrin huizuia methotreksati isitoke kwenye figo. Uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. Anayekuuzia dawa hana njia ya kujua mpaka umwambie, kwa hiyo sema "natumia methotreksati" kabla hujasema shida yako.

Anayetumia sulfasalazini anywe glasi nzima na kila dozi na asilegee mchana, maana dawa hiyo inaweza kuganda chembechembe kwenye mkojo ambao ni mzito. Na siku ya kupima damu usiende umekauka. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, itapanda kwa muda, daktari atapunguza dozi kwa sababu ya kosa la glasi mbili. Hata ukiambiwa uje hujala, uliza kama maji yanaruhusiwa. Kwa vipimo vingi yanaruhusiwa.

Nyungu bila kuumia

Watu wataendelea kupiga nyungu, na hakuna sababu ya kuwakataza wote. Wasiofaa ni hawa: mwenye homa, mjamzito, mwenye moyo mbovu, mwenye pumu inayochokozwa na mvuke, na mwenye kiungo ambacho leo ni chekundu na cha moto. Kiungo cha namna hiyo kinataka kitambaa kilichozungushiwa barafu kwa dakika 10 hadi 15. Joto huongeza damu mahali ambapo damu imeshazidi. Siku ya methotreksati na inayofuata, kama dawa inakupa kichefuchefu, ipishe.

Kunywa mililita 500 katika saa moja kabla. Chemsha sufuria nje au jikoni, uiepue, kisha uingie nayo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama dirisha ni wazi, kwa sababu hewa yake haina harufu na inaua. Mwache mwingine abebe sufuria. Vidole vyenye baridi yabisi hushindwa ghafla, na ngozi iliyotumia prednisoloni kwa muda mrefu ni nyembamba, ikiungua inachanika na kupona kwake ni miezi. Sufuria ikae sakafuni, imara, umbali wa hatua moja mbele yako, isiwe katikati ya miguu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, si kigoda, kwa sababu utahitaji kuinuka. Blanketi iache uwazi wa kupumulia. Majani ya mchaichai au mkaratusi yanatia harufu nzuri, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa; mafuta ya mkaratusi ya chupa ni makali kwa macho na kifua. Usiwe umejipaka dawa ya kuchua, maana ngozi ikipata joto itaungua chini yake.

Anza na dakika 5. Usizidishe 15. Moyo ukienda mbio, masikio yakivuma au kichwa kikiwa chepesi, fungua hapo hapo. Ukimaliza, kaa dakika mbili ukichezesha vifundo vya miguu kabla ya kusimama: joto limepanua mishipa, na kwa anayetumia dawa ya presha kuinuka ghafla ni kuanguka. Jifute, vaa pamba, kunywa mililita 500 ndani ya nusu saa. Halafu tumia nafasi hiyo: saa ambayo viungo vimelegea ndiyo ya kunyoosha vidole, mabega na magoti.

Kwa maoni yangu, beseni la maji ya uvuguvugu linaishinda nyungu kwa kila kitu isipokuwa harufu. Maji ya nyuzi 37 hadi 40, yapimwe kwa kiwiko, mikono ndani kwa dakika 15. Kunja ngumi taratibu mara 10, tandaza vidole mara 10, gusisha gumba na kila kidole. Hakuna jasho la kulipa, hakuna sufuria ya kubeba, na asubuhi viganja vinafunguka.

Jasho la kutembea

Jasho lenye thamani kuliko yote ni la mazoezi. Baridi yabisi huongeza hatari ya magonjwa ya moyo kwa kama mara moja na nusu, na mvuke haupunguzi hatari hiyo, kutembea kunasaidia. Hofu kwamba mazoezi hula viungo ilipimwa Uholanzi katika utafiti ulioitwa RAPIT, uliochapishwa 2003, wenye wagonjwa 309: mazoezi makali mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili yaliboresha uwezo wa kufanya kazi bila kuchochea ugonjwa. Tahadhari ilibaki kwa wale ambao viungo vyao vikubwa vilishaharibika sana kabla ya kuanza.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Pwani toka kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kutembea baharini maji yakiwa kiunoni huondolea magoti karibu nusu ya uzito, ila vaa viatu vya raba kwa ajili ya mawe, na kumbuka kwamba ndani ya maji pia unatoka jasho usilolihisi. Methotreksati na haidroksiklorokwini huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na jua, kwa hiyo kofia na mikono mirefu.

Bandeji za kiwiko na vishikizo vya mkono vifuliwe kila vikilowa. Jasho lililofungiwa linaleta fangasi na majipu, na kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na dawa jipu dogo si dogo.

Mikono, ndoo na choo

Wengi hawanywi kwa sababu kunywa kunauma, na hili kliniki huulizwi. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu kwenye vidole vitatu. Kifuniko kipya hakifunguki. Dumu la lita 20 ni kilo 20, halina mjadala. Tafuta ndoo yenye koki, zile za kunawa mikono zilizoenea wakati wa korona, iwe mpya ya maji ya kunywa tu, na uiweke juu ya meza usawa wa kiuno. Koki iwe ya mkono mrefu wa kusukuma kwa kiganja. Ijazwe na mwenye mikono mizima, nusu nusu. Kata ya mtungi ni nzuri kwa picha lakini inauvuta mkono kwa pembe mbaya. Tumia kikombe chepesi cha plastiki chenye mshikio mpana wa kupitisha vidole vinne, ujaze mililita 200, uinue kwa viganja viwili. Dukani mwombe muuzaji avunje kifuniko kisha akifunge kwa wepesi. Kuchemsha sufuria kubwa kunaweza kubadilishwa na vidonge vya klorini. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, subiri dakika 30.

Sababu ya pili ni choo. Kuchuchumaa na magoti yaliyovimba ni adhabu, kwa hiyo mtu anajinyima maji ili asiende, hasa akiwa safarini au kazini. Fundi anaweza kukata tundu kwenye kiti imara cha plastiki au kutengeneza fremu ya mbao ya kukalia juu ya tundu, urefu wa sentimita 45 hivi, pamoja na bomba la kushikia ukutani. Gharama yake ni ndogo kuliko kutibu figo. Usiku, kunywa kwa wingi kuishie saa mbili kabla ya kulala.

Mwezi wa Ramadhani ongea na daktari kabla haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine iko wazi katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Anayeruhusiwa kufunga agawe lita mbili: glasi mbili wakati wa futari, moja kila saa mpaka saa 4 usiku, mbili kwa daku. Methotreksati imezwe baada ya futari, ili saa za kunywa zifuate mbele yake. Diklofenaki na mfungo wa kaskazi havipatani.

Jasho ambalo si la joto

Jasho la usiku linalolowesha shuka wakati chumba kina ubaridi lisiitwe kujisafisha. Baridi yabisi yenyewe huweza kuleta homa ndogo, lakini kwa anayetumia prednisoloni, methotreksati au sindano za kibayolojia, fikiria kwanza kifua kikuu na malaria. Kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito na jasho la usiku vinataka kipimo cha makohozi. Prednisoloni hufunika homa, kwa hiyo kipimajoto kusoma kawaida hakumaanishi salama. Kiungo kimoja kikivimba ghafla kuliko vingine vyote, kikawa cha moto na hakiguswi, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda kina usaha.

Ukiwa unaharisha, ORS kikombe kimoja kila baada ya choo, diklofenaki na methotreksati zisimame, dawa za kukojosha na za presha ziulizwe kwa simu siku hiyo hiyo. Prednisoloni yenyewe haisimami. Mwili uliozoea kuipata kwa zaidi ya wiki tatu umeacha kutengeneza ya kwake, na ukiikosa ghafla katikati ya ugonjwa presha inaporomoka. Kama unaimeza na kuitapika, usingoje kesho. Nenda upewe kwa sindano, na umwambie anayekupokea dozi yako na muda uliotumia kabla hajauliza kitu kingine.